Kuni za Oiva

Mgonjwa haulizwi uji,
lakini kazi yangu mimi ni kuuliza.
Jana vijiko vingapi? Siagi kiasi gani?
Uliacha chini ya bakuli, au uliramba?
Oiva Lantto anajibu kama shahidi mahakamani,
mkewe Lempi akimsahihisha kila tarakimu.

Hapa Pello, leo, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Jua lilichungulia saa sita mchana,
likaona, likarudi zake.

Namlaza. Namfunika kichwa kwa kuba la plastiki
na kumwomba asifanye lolote.
"Hilo," anasema kutoka ndani, "nimeshakuwa hodari."
Nusu saa mashine inahesabu pumzi zake,
oksijeni iingiayo, kaboni itokayo,
na katikati yao moto tusiouona.

Mtu wa kimo chake, akilala tu,
angechoma kalori elfu moja na mia tano.
Yeye anakaribia elfu mbili.
Miguu imegoma tangu matunda pori yalipoiva,
vidole vinasahau vifungo vya shati,
na bado ndani humo kuna mtu
anapasua kuni usiku kucha.

Kwa nini?
Labda ni misuli inayochezacheza chini ya ngozi
kama samaki chini ya barafu.
Labda ni ubongo, unaoita miguu
na kuita tena, kwa sauti ya juu zaidi.
Labda mitokondria zinavujisha joto
kama dirisha lisilofungika vizuri.
Katika daftari langu nimeandika "labda"
mara nyingi kuliko jina langu.

Jeni, hiyo tunaijua.
Kromosomu ya ishirini na moja:
herufi moja imekalia kiti cha mwenzake,
na protini inayobeba shaba na zinki
inatoka ikiwa na mkunjo usio wake.
Nakala moja, unazeeka nayo, hujui.
Oiva alipewa mbili,
moja na mama wa ng'ambo ya mto,
moja na baba wa ng'ambo hii.
Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Sisi tunahesabu nyuzi za nguo yenyewe.

Nilizifuata hadi kwenye madaftari ya kanisa,
wino wa kahawia, mwandiko wa mchungaji mwenye haraka:
amekufa kwa udhaifu wa miguu,
amekufa kwa udhaifu wa miguu,
amezama.
Kisha Brita, mjane, na wanawe watatu,
na yule wa pili, kumbe, ni babu wa babu wa babu yangu.
Nilifunga daftari. Nikalifungua tena.
Jina halikuwa limehama.

Sikumwambia. Itifaki hairuhusu,
na hata ingeruhusu.
Leo namvua kuba, nywele zake zimesimama,
ananitazama kwa muda.
"Saimi, pua hiyo," anasema, "ni ya akina Lantto.
Nilijua tangu siku ya kwanza."
Lempi anacheka hadi anakaa chini.

Anataka namba yake. Nampa.
Miaka arobaini alikata miti; hesabu hii ni yake.
"Nyumba inayokula kuni namna hiyo,
ukuta huna uwezo wa kuubomoa, unafanyaje?"
Nafungua kinywa nizungumzie utafiti,
kundi la kwanza, kundi la pili, mafuta, wanga,
lakini Lempi ameshasimama jikoni,
kisu kimeshazama kwenye siagi.

Nje, sanduku la baridi liko kiti cha nyuma.
Chupa sita za damu.
Tano ni zake.
Ya sita nilijitoa mwenyewe asubuhi, kwa mkono wa kushoto,
na bado sijaiandika namba.
Nazungusha ufunguo. Injini inakohoa,
inanyamaza.
Inakohoa tena.