Jicho Likicheza

Darasa lilikuwa na baridi ya kiyoyozi, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi.
Nizwa, mwezi wa Agosti, nje lami inanata viatuni.
Tulikuwa kumi na wanne, wanawake wawili:
mimi, na Shamsa wa Bahla anayecheka kwa pua.

Mkufunzi Thuwaini alitugawia kurunzi ndogo, kalamu,
na kadi ya vidoti vyeusi, kila kimoja na milimita zake.
"Pombe ina harufu," alisema. "Ninachowafundisha hakina.
Msinuse. Tazameni."

Tukatazama.
Mboni iliyosinyaa kama tundu la sindano.
Mboni iliyotanuka kama mdomo wa kisima.
Kope zinazotetema mtu akifumba macho
ahesabu nusu dakika kimoyomoyo,
akaja na dakika nzima.
Hatua tisa juu ya mstari, kisigino kwa kidole,
geuka, hatua tisa.
Mapigo ya moyo pima mara tatu,
maana mara ya kwanza kila mtu humwogopa polisi.

Na kalamu: ishike shibiri moja na nusu mbele ya pua,
ipeleke polepole kushoto, polepole kulia.
Jicho zima huteleza kama gololi juu ya kioo.
Jicho lililolevywa husita, hurukaruka,
gololi juu ya changarawe.
Linacheza.

Nikacheka peke yangu gizani.
Kwetu jicho likicheza la juu, mgeni yuaja;
la chini, utalia.
Ni mambo ya mama, mzaliwa wa Wete,
ambaye mpaka leo akikasirika husahau Kiarabu chote.
Nilitaka kumwambia mkufunzi. Sikujua nianzie lugha gani.

Alhamisi jioni nikaenda nyumbani, Ibra.
Mama alikuwa anachambua choroko kwenye sinia.
"Mama, niazime macho yako, nina mtihani Jumapili."
Akafuta mikono kwenye kanga,
akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.
"Usitikise kichwa. Fuata kalamu kwa macho tu."
"Kalamu yenyewe haina kifuniko," alisema.

Kushoto.
Jicho likasita. Likaruka.
Nikadhani ni mkono wangu.
Kulia.
Likaruka mapema, kabla kalamu haijafika usawa wa bega.

"Nimefaulu?" aliuliza.

Mama anaendesha Yaris nyeupe.
Kila Jumatano, jua halijachomoza vizuri, yuko njiani
kwenda soko la wanawake, buti limejaa udi na vitambaa,
na njia ile inapita mlangoni mwa shule.
Baada ya Ramadhani aligonga ukuta wa jirani.
Tukasema ni uzee.
Tukanunua saruji.

Nikafungua kabati. Nyuma ya chupa ya habasoda,
vidonge vya rangi ya waridi, pakiti juu ya pakiti:
ya zamani kabisa ina jina la baba,
nyingine jina lake, daktari huyu,
nyingine daktari yule, mji mwingine.
"Kitanda ni kipana," alisema mlangoni.
"Vinanivusha tu."

Sikuwa na sare. Sikuwa na fomu.
Somo la kumwambia mtu nipe funguo
lilikuwa la wiki ijayo.
Nikasema, "Mama, jicho lako linacheza."
"La juu au la chini?"
Sikujibu.
Akanitazama, kwa utaratibu, kama mimi ndiye niliyeshika usukani,
akarudi kwenye sinia lake.

Punje. Jiwe. Punje. Punje. Jiwe.
Adhana ya isha ikapita.
Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa funguo,
akaziweka kwenye sinia,
upande wa mawe.

"Na Jumatano," akasema, "nani atanipeleka?"