Chupa Dirishani

Kikaoni mwezi wa Januari mimi ndiye niliyepinga.
Sikatai, kumbukumbu zipo:
Bwana Wekhomo, Idara ya Sayansi, alisimama akasema
darasa la heshima lisilo na mchujo
ni chai isiyotiwa majani.
Maji ya moto matupu. Tunayapulizia ya nini?

Mkuu wa chuo akanitazama juu ya miwani.
"Mlango hautakuwa na bawabu. Atakaye, aingie.
Kazi yenyewe itachuja."
Nikacheka puani. Miaka kumi na tisa hapa Jogoo Road
imenifunza: kazi haichuji, inachosha.

Wakaja arobaini na mmoja,
vyeti vyao ndani ya nailoni,
ingawa fomu haikuviuliza.
Nyanchama, muuza mayai, akakikunjua chake mezani pangu,
akaweka kidole juu ya ile D
kama anayemwonyesha daktari panapouma.
Nikamwambia, hapa hapana nafasi ya kuiandika.
"Sasa niiweke wapi?"
Sikuwa na jibu.
Akakikunja tena kwa mikunjo ileile ya zamani.

Saa moja usiku, chumba nambari saba,
taa mbili, moja inapepesa.
Chagueni kitu mnachokipita kila siku, nikasema,
mkiulize swali. Msikikariri. Kiulizeni.
Wiki ya tatu walikuwa ishirini na sita.
Wiki ya sita, kumi na wanne:
huyu zamu ya usiku, yule nauli,
mmoja mtoto mgonjwa, mmoja hakusema.
Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikihesabu
kama mtu aliyeweka dau.

Ndipo Guyo, muosha magari wa Kariobangi,
akaingia na gunia linalogongana.
Chupa za soda, kumi na moja.
Akazipanga dirishani, kila moja na plasta shingoni:
Jumatatu alfajiri. Jumatatu usiku. Jumanne alfajiri.
Maji ya Mto Nairobi, yamechotwa mahali pamoja,
chini ya daraja, kwa kopo moja la rangi.
"Mwalimu, mto una ratiba.
Alhamisi usiku huwa samawati.
Kuna mtu huko juu anayelijua giza vizuri."

Akafungua daftari: saa, rangi, harufu,
na safu ya mwisho yenye kichwa *Sijui*.
Hiyo ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Mimi wa shahada mbili
mto huo nimeuvuka asubuhi na jioni, pua nimeibana,
wala sikuwahi kuwa na safu hiyo.

Kazi yake niliirudisha imejaa wino mwekundu.
Tahajia. Vipimo. *Samawati umeipimaje?*
Siku nne baadaye akaja na vipande vya kadi
alivyovipaka mwenyewe, kutoka anga hadi wino,
vimetiwa nambari, moja hadi ishirini.
"Napima hivi," akasema, akapiga miayo,
mikono bado inanuka sabuni ya magari.

Waliomaliza ni tisa. Nyanchama hayumo.
Hilo silipambi, na kikaoni nitalisema
kabla hawajaniuliza.

Nilimkuta juzi karibu na stejini, anamenya yai,
chumvi na kachumbari tayari.
"Mlango bado hauna bawabu?"
Nikamwambia, Januari.
"Swali langu ninalo," akasema, bila kunitajia.
Nikatoa noti ya mia.
Chenji alinihesabia yote, shilingi kwa shilingi,
hakunipunguzia hata senti.

Chupa ziko palepale. Msafishaji ameagizwa asiziguse.
Ile ya Alhamisi imetuama:
juu maji yameng'aa, ungeweza kudanganyika,
chini umelala utepe mwembamba, samawati,
kumi na saba kwa kadi za Guyo.
Kabla ya somo huishika shingo,
naitikisa.