Anachosema Mrusha Chusa

Kitabu nilikipata Makoroboi, kati ya soksi na betri.
Hakina jalada. Kurasa za mwisho zimefungiwa karanga.
Ni habari za wawinda nyangumi,
na ndani yumo mtu wa visiwa vya mbali,
mwili umechorwa michirizi ya buluu toka shingo hadi nyayo.
Chusa chake anakipaka mafuta kila asubuhi.
Akikirusha, hakikosi.
Akifungua kinywa, mwandishi anampa maneno manne:
"Mimi piga. Yeye kufa."

Nimefika hapo, nikakifunga.

Babu yangu Bulemo, wa Ukara,
aliwinda viboko kabla sijazaliwa.
Kifuani chale saba, kila moja na kisa chake;
cha ile ya nne hatukuambiwa.
Bandarini Mwanza Kusini, mbele ya karani,
naye alikuwa mtu wa maneno machache:
"Ndiyo bwana." "Hapana bwana."
Karani akaandika daftarini:
mzito wa akili, mikono mizuri.

Karani hakuwahi kulala kwetu.
Hakumsikia babu usiku, kwa Kikara,
akimsuta jirani kwa mafumbo mpaka jirani mwenyewe akacheka,
akipunguza bei ya mtumbwi, akiapiza, akidanganya,
akieleza kiboko anavyopanda kuvuta pumzi:
kwanza viputo,
kisha kimya,
kisha hapo ndipo usimame, mguu wa kushoto mbele,
na usiwafikirie watoto.
Hivyo hivyo, hadi koroboi ikaisha mafuta.

Sasa umeme umekatika, Kirumba yote giza,
harufu ya dagaa imeingia bila hodi.
Nina kalamu nyekundu na tochi ya simu.
Pembeni mwa ukurasa wa tisini na mbili,
penye lile "Mimi piga",
namwandikia mgeni wangu sentensi zilizokamilika.
Lugha yake siijui. Namkopesha ya Bulemo:

"Nahodha, mnyama huyu ana ndama.
Nimeona viputo vya aina mbili, vikubwa na vidogo.
Kamba ni yako, jahazi ni lako,
hata chumvi iliyo mwilini mwangu utasema ni yako.
Mkono huu nilipewa na mama.
Leo umelala."

Nahodha alimjibu nini, sijui.
Aliyenunua karanga ameondoka nalo jibu.