Tawi la Pili

Saa nane na dakika kumi usiku, wodi ya wazazi, Mbagala,
programu yangu ilianguka kifudifudi.
Haikulia. Iliganda tu, kioo kikabaki buluu,
na Sista Eustakia akanipigia simu Kijitonyama
kwa sauti ya mtu aliyebeba kichanga kwa mkono mmoja:
"Mashine yako imekataa kumpokea huyu."

Ana nini, nikauliza.
"Ana kilo tatu na robo. Ana mapafu, msikilize."
Nikamsikia.
"Jina ndilo hana."

Hapo nikajua dhambi yangu ilipo.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne
nilipasua bahasha bila kuipima mwangani,
nikaapa ndani mna jina.
Kibwana ndiye aliyenifundisha mkato ule:
"Fungua kwa nguvu, twende, mteja anasubiri,"
nami, feni imesimama, luku ikilia uniti mbili,
nikafungua kwa nguvu.
Mwenye pupa hadiriki kula tamu;
mimi hata chungu sikudiriki.

Nikaandika upya, kwanza kwa lugha yetu, pembeni mwa daftari:

      linganisha jina:
      likiwapo, lishike, liandike;
      lisipokuwapo,

kalamu ikasimama.

Kompaila haina haya.
"Tawi la pili hujalijibu," ikasema. "Hupiti."
Ningeweza kutia kistari cha chini,
kile kinachomeza kila kilichobaki
bila kukitazama usoni.
Nilikitia. Nikakifuta.

Maana tangu utotoni nasema kutokuwapo
kwa adabu kuliko mashine yoyote:
mtu hayupo, kiti hakipo,
mkate haupo, chenji haipo.
Hata pengo lina ngeli yake,
hata utupu unajua umekosa nini.
Mkate haupo si sawa na mama hayupo,
na mtoto wa miaka mitatu hakosei.
Sasa mimi, na shahada yangu,
nimekuwa nikijaza kote sifuri ile ile.

(Darasa la kwanza, Tandika, mahali pa jina la baba,
mama alichora kistari, akakikoleza mara mbili
mpaka karatasi ikatoboka.
Karani akasoma alichokiona.
Mwaka mzima niliitwa Tunu Dashi.)

Karibu na adhana nikamaliza:
lisipokuwapo, andika HANA JINA.
Kompaila ikaridhika, haikunung'unika hata neno.
Nikatuma, nikalala na viatu.

Simu tena.
"Imekubali," akasema Sista. "Lakini umeandika uongo.
Siwema ameusoma mkanda mkononi mwa mwanawe, analia.
Mtoto si kwamba hana. Hajapewa.
Babu yake anatoka Kilwa siku ya saba,
na jina analo mfukoni."

Hajapewa.
Silabi moja, ja, imekaa katikati ya neno
kama mguu uliozuia mlango usifungwe.
Nilisoma miaka minne, vitabu vya kukunja mgongo,
na hakuna aliyeniambia
kwamba ndani ya hakuna
mna vyumba viwili,
na kimoja kina mgeni anayetarajiwa.

Nikafungua tawi la pili, nikalitia tawi jingine ndani:
kama halijaja, mtaje kwa mama yake, uache nafasi;
kama halitakuja,
hapo usiamue wewe, mwite mtu.
Kibwana akachungulia. "Mistari mingi kwa ajili ya kitu kisichokuwapo."
Nikamwambia anywe chai.

Mkanda mpya ukatoka: WA SIWEMA. BADO.

Siku ya nane nilipitia kumbukumbu za mfumo,
kazi ya kawaida, Jumanne, jua la Bamaga dirishani.
Rekodi ile ilikuwa imebadilika usiku.
Sikulisoma jina. Si langu.
Nilitazama tu njia iliyopita:
tawi la kwanza,
lipo.