Mkole wa Uani, Newala

Somoe kacheka: "Unapanda mkole? Si mti wa porini huo?"
Pori lipi, Somoe?
Mikorosho imefika hadi makaburini.

Mbegu niliziokota kwenye mavi ya shore,
chini ya kamba ya kuanikia nguo.
Nikazimwagia maji ya moto, zikalala humo hadi asubuhi,
nikazifukia kwenye viriba vilivyobaki
msimu ule wa miche ya bure.

Arobaini. Zikaota saba. Mbuzi akala mbili.

Maji huku twanunua kwa ndoo;
mikole ikanywa yaliyooshea mchele.

Mwaka wa tatu, ua la kwanza:
la manjano, dogo,
kama kifungo cha shati la mtoto.
Akaja nyuki mmoja.
Sikumwita mtu.