Kibandiko cha Kumi na Nane

Nikianza zamu, mto wa Tartu umeshaganda,
na heri yake mto: una mwezi wake wa kuyeyuka.
Daftari letu halina majira.
Kilichoingia humo kimeingia;
kila ukurasa umeshika upindo wa ukurasa uliotangulia
kama mdai aliyemwona mdeni wake sokoni.

Kazi yangu ni ndogo. Nabandika.
Picha inakuja, naitazama sekunde nne,
nabonyeza *watu wazima*, au *salama*,
au *ukatili*, au ile ya nne, *sijui*,
ambayo Tarvo haipendi, kwa kuwa sijui hailipwi.
Picha mia moja, sarafu tatu.
Jumatatu sarafu hizo ni bei ya mkate mweusi,
Alhamisi ni bei ya ganda lake.

Usidhani nafuta. Hapa hafuti mtu.
Nashusha ukungu tu juu ya kioo,
na kioo kinauliza: Umetimiza miaka kumi na minane?
Mtoto wa darasa la tano anajibu *Ndiyo*
na ukungu unampisha kwa heshima zote.

Jana ilikuja picha ya sauna.
Bibi mmoja wa kusini, rika la mama yangu,
amekaa juu ya ubao, jasho linamshuka
katikati ya matiti yaliyokwisha maliza kulea,
mkononi fungu la matawi mabichi.
Mashine ilikwisha amua: *watu wazima*,
asilimia tisini na saba.
Nami nimekulia mle, katika moshi ule ule,
shangazi Leelo akinisugua mgongo,
majirani wote uchi kama viazi vilivyomenywa
wakijadili bei ya maziwa.
Mficha uchi hazai; sisi hatukuficha, tulijifuta tu.
Nikabonyeza *salama*.
Tarvo akanikata sarafu moja.

Leo, saa nane usiku, ikaja nyingine.
Kitanda. Taa ya mezani. Mwanamke amelala,
bega nje ya shuka, na zaidi ya bega.
Mashine ilisita.
Pamoja nayo, barua fupi:
*Huyo ni mimi. Daugavpils, mwaka juzi.
Nilikuwa usingizini. Sikujua kama kuna kamera.
Inguna.*

Nikatafuta kitufe chake. Hakipo.
Tuna neno la umri wa anayetazama,
hatuna neno la ridhaa ya anayetazamwa.
Watu wazima? Ni mtu mzima, naam.
Salama? Salama ya nani?

Nikamwamsha Tarvo. Hakukasirika.
Akaniambia tena habari za babu yake,
barua zake zote zilivyotiwa jikoni na watu wenye mihuri,
na ndiyo maana yeye akajenga kitu kisichoungua.
Ninamwamini. Nilisikia anavyopumua.
"Lakini huyu," nikasema, "anaomba moto."
Akanyamaza hadi simu ikajizima.

Basi nimewaandikia mmoja mmoja
wote wanaohifadhi nakala: Oulu, Vilnius, Busan,
na mmoja ajiitaye Bundi, asiyejulikana alipo.
*Mstari ubaki mnyororoni. Picha msiitoe.*
Hadi alfajiri, kumi na tisa wamekubali.
Wawili wameuliza ni sheria ipi.
Bundi amecheka kwa herufi tatu.
Wengine kimya.

Nikamwandikia Inguna: *kumi na tisa kati ya thelathini na moja.*
Nikaifuta. Nikaiandika tena.
Nikaongeza *pole*, nikaliondoa, likarudi.
Barua yangu, angalau, inafutika.

Kisha nikabonyeza *sijui*,
kitufe kisicho na malipo,
nikaenda jikoni kumenya viazi.