Robo Ngapi Zimo

Mwaka wa kwanza, Oruro, baridi ikiuma vidole,
niliandika ubaoni: nusu gawanya kwa robo.
Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa sauti ya juu zaidi,
kana kwamba hesabu ni ngumu kwa kuwa watoto ni viziwi.
Wilma Colque, dawati la mwisho, akafunga daftari
taratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jioni ile sikulia. Nilimenya viazi.
Nusu ya kiazi kiganjani, kisu kikingoja:
robo ngapi zimo humu?
Nikakata. Nikacheka peke yangu jikoni.

Kesho yake nikabeba viazi darasani. Vikaliwa.
(Kosa langu: nilivichemsha.)
Kesho kutwa vibichi; nikauliza, nikajijibu mwenyewe.
Juma lililofuata nilivifundisha viti vitupu
alfajiri, koti mwilini,
nikiuliza, nikinyamaza, nikihesabu hadi kumi,
maana hata kimya, ulimi hujifunza.

Ninalo daftari la makosa, jalada limelowa mafuta.
Ukurasa wa tisini na mbili:
Usimnyang'anye mtoto chaki.

Leo, mwaka wa saba, nimeuliza. Nikanyamaza.
Moja, mbili... nane.
Edilson, mdogo wake Wilma, akainua vipande:
"Mwalimu, kumbe nusu ina robo mbili tumboni!"

Niliandika tarehe.
Kisha chini yake: usifurahi mno,
Nayra bado anatazama dirishani.